Nilivyotengeneza gata iliyovuja juu ya paa la chumba cha vioo

Nyumba pacha tunayoishi hapa Leicester, Uingereza, ina chumba cha vioo upande wa bustani, na paa la chumba hicho ni la polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Gata ya paa kuu inapita juu yake, na msimu wa vuli ilianza kuvuja kwenye kiungio kimoja. Mvua iliponyesha usiku, matone yaligonga polikaboneti hadi alfajiri. Kilichonitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, ni kwamba sehemu ya maji ilirudi nyuma na kulowesha fesha bodi, yaani ubao wa ukingoni mwa paa unaoshikilia gata, nami najua ubao ukishaoza gharama yake si ya mpira wa kiungio tena.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kutandika ubao juu ya polikaboneti na kupita juu yake, nikamkatalia. Paa la namna hiyo limekusudiwa kubeba theluji iliyotandazika, si uzito wa mtu mzima unaokaa mahali pamoja, na kadiri miaka ya jua inavyopita ndivyo linavyozidi kuwa jepesi kuvunjika. Ngazi ya kawaida nayo haikufaa. Kanuni yake ni kwamba kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani. Gata yetu iko kama mita 5 juu, kwa hiyo mguu ungepaswa kukaa mita 1 na robo kutoka ukutani, ilhali chumba cha vioo kinatokeza mita 3. Kuiweka ngazi nje ya chumba kungeilaza mno, na ngazi iliyolala hivyo huteleza.

Kanuni za Uingereza za kazi za juu za mwaka 2005 huanza na swali la kama kazi inaweza kufanyika bila mtu kupanda kabisa. Ingawa zimewekwa kwa ajili ya kazi za ajira, niliona ni busara kuanzia hapohapo. Nilimlipa mtu mwenye mashine ya kufyonza, yenye mirija mirefu na kamera nchani, akasimama bustanini na kuondoa majani na udongo uliojaa. Kamera ilionyesha gata safi, isiyo na ufa, lakini mvua iliyofuata kiungio kilivuja tena, nikajua kwamba lazima pafikiwe kwa mkono.

Hapo ndipo nilipokodi jukwaa la alumini. Watu waliofunzwa kazi hiyo walisimamisha minara miwili, mmoja kila upande wa chumba cha vioo, wakaiunganisha kwa daraja lenye vizuizi pande zote, bila chochote kuegemea paa. Kodi hiyo ilizidi sana bei ya vipuri, na sikuijutia hata kidogo nilipokuwa nimesimama pale juu, mikono yote miwili ikiwa huru.

Ukarabati wenyewe haukufika saa moja. Mpira wa ndani ya kiungio ulikuwa umekauka, na aliyefunga gata hapo zamani alisukuma vipande viwili hadi vikagusana, akapita alama zilizochongwa ndani ya kiungio. Gata ya plastiki ya mita 4 hurefuka kama milimita 7 joto likipanda kwa nyuzi 30. Ikikosa nafasi husukuma kiungio na kukilegeza. Nilikata ncha moja kidogo, nikaweka kiungio kipya cha aina ileile, nikapaka mpira wake mafuta ya silikoni, kisha nikaingiza vipande hadi kwenye alama na si zaidi. Sikutumia gundi ya kuziba, kwa sababu gata ya plastiki lazima iendelee kucheza ndani ya kiungio.

Kwa pima maji niliona kwamba kishikilio kimoja kilikuwa kimeshuka na maji yakituama hapo, nikakiinua ili mteremko uelekee bombani. Mke wangu alifungua mpira wa bustani, nikamwaga maji kwenye gata kwa dakika 10 huku nikipapasa chini ya kiungio kwa vidole vikavu. Havikulowa. Kwa kuwa jukwaa lilikuwa limelipiwa hadi jioni, nilibadilisha pia mipira ya viungio viwili vilivyobaki.