Jembe Kwanza, Mieleka Baadaye

Nilianza mieleka Delhi nikiwa mwanafunzi wa miaka 24, umri ambao wenzangu wa akhara, yaani chuo cha mieleka ya jadi ya Kihindi, walikuwa wameshapigana zaidi ya miaka kumi. Nilitoka Unguja na mkanda wangu wa judo, nikidhani utanibeba.

Ustadh hakunicheka. Alinisimulia habari za Chandgi Ram wa kijiji cha Sisai, jimbo la Haryana: mwalimu wa kuchora, aliyeingia kwenye mieleka akiwa ameshavuka miaka 20, na mwaka 1970 akachukua dhahabu ya Michezo ya Asia kule Bangkok, uzito wa kilo 100. Basi nikapumua. Kisha akanipa jembe.

Wiki tatu nilikuwa mtu wa jembe tu. Uwanja ni shimo la udongo uliotiwa mtindi, manjano na mafuta ya haradali, na kila alfajiri lazima utifuliwe, la sivyo unakuwa mgumu unavunja watu mbavu. Viganja vilitoka malengelenge. Wenzangu wakimwinamia Hanuman, mungu wa Kihindu, mimi nilisubiri pembeni, hakuna aliyenisema. Lozi wanazokula wanamieleka zilinishinda bei, nikala dengu zilizolowekwa usiku kucha.

Siku ya kwanza kushikana niliaibika. Mtu wa judo mikono yake inatafuta kola ya koti la mpinzani, na pale mwenzio kavaa winda tu, mwili unateleza mafuta. Kilichoniokoa ni kusahau nguo: mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono wake, wa pili kwenye kisogo, paji la uso limgande begani. Niliyaona hayo wakati nalima, maana mwenye jembe ana nafasi ya kutazama.

Chandgi Ram mwenyewe baadaye alifungua akhara Delhi, kando ya mto Yamuna, akawatia udongoni hata binti zake, wazee wengi wakinuna. Kwangu hilo linaipita ile dhahabu. Mwanafunzi wake Mahavir Phogat akafanya vivyo hivyo kijijini Balali, na mwaka 2010 bintiye Geeta akashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola.

Mwezi wangu wa tano pale, ustadh alinipaka udongo mabegani kwa mkono wake, akanipanga na kijana wa miaka 16. Nilikaa dakika mbili mgongo wangu haujagusa chini. Ya tatu nilikuwa chali, udongo umejaa masikioni, naye kijana ananivuta mkono niinuke turudie.