Mradi wa hati za kale: kopo limetoka kiunoni, kumbuu imerudi

Imekubali. Wallahi imekubali. Saa saba kasorobo usiku, nyumba nzima wamelala zamani, mimi niko sebuleni nacheka peke yangu kama mwehu kwa sababu skrini imeandika "kumbuu" pale ilipokuwa ikiandika "kopo". Wiki tano hizo. Wiki tano nzima programu yangu ya kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu inaniambia kwamba Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa hii hii, alisema kimya chataka kopo.

Kwa aliyekuta mambo njiani: nilianza na picha za karatasi za Mzungu mmoja mmishenari, William Taylor, aliyekaa Mombasa miaka ya 1880 na kuendelea, akawa anakusanya mashairi na methali na kila neno la Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, lililopita karibu na sikio lake. Alipofariki 1927 karatasi zake zikaishia kwenye maktaba ya chuo cha SOAS, London, na ndiko zilipo mpaka leo, pamoja na za William Hichens aliyeyatoa mashairi ya Muyaka kwa kitabu mwaka 1940. Chuo kimeweka hati nyingi za Kiswahili kwenye intaneti, unafungua tu, huhitaji viza wala barua ya utambulisho. Mimi mchana kazi yangu ni makaratasi ya forodha, usiku nataka karatasi zenye utamu.

Na hapa niseme, mimi husema "karatasi za Taylor" kwa ufupi tu. Muyaka alikufa karibu 1840, Taylor hajazaliwa bado. Aliyezunguka kwa wazee kuyaokota mashairi na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu ni Mwalimu Sikujua, mtu wa hapa hapa. Kwa hiyo unaposoma unasoma mkono wa mwenyeji, ndani ya boksi lenye jina la mgeni. Jambo hilo huniwasha kidogo, lakini pia huyo mgeni asingezitunza leo ningekuwa nasoma nini?

Haya, tatizo lenyewe. Mpango wangu ulikuwa rahisi, au nilidhani hivyo: niandike skripti ya Python, yaani programu ndogo, niilishe maneno ya hati ya zamani, initolee Kiswahili cha herufi za Kirumi. Aliyesoma chuoni, yaani madrasa, utotoni anajua kisa. Herufi ya "be" peke yake ni b, ni p, ni mb. "Dali" ni d na nd. "Fe" ni f na v. "Shini" ni sh na ch. Kasra, ile alama ya irabu ya chini ya herufi, ni i na e; dhumma, ya juu, ni u na o. Basi ukiona be mbili zenye kasra chini, hiyo ni bibi, au pipi, au pembe, chagua mwenyewe. Jaribio langu la kwanza kabisa niliweka "pembe ya ndovu", programu ikarudisha "bibi ya dufu". Mke wangu akauliza huyo bibi ni nani.

Sheikh al-Amin Mazrui aliliona tatizo hili, akaongeza nukta na alama ili p ijitenge na b na e ijitenge na i, lakini huyo ni wa miaka ya 1930, wakati wa gazeti lake la Sahifa. Hati ninazohangaika nazo ni za kabla yake. Angetangulia miaka hamsini tu mimi ningekuwa nalala mapema.

Nikasema kabla sijagusa karatasi zenyewe niijaribu programu kwa kitu ambacho jawabu lake nalijua. Nikachukua beti kumi za Muyaka ambazo kila mtu anazijua, nikaziandika mimi mwenyewe kwa hati ya kizamani, bila alama za Sheikh al-Amin, halafu nikaiambia haya soma. Maneno 231. Ubeti wa kwanza ulikuwa ule wa kimya:

Kimya mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele,
Kimya chataka kumbuu, viunoni mtatile,
Kimya msikidharau, nami sikidharawile,
Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya.

Bila kamusi, herufi kwa herufi, programu ilinitolea hivi: "Kimya mshidu mkuu, difyu wabafyu wafyili, kimya shataka kubuu, fiununi mtatili." Mtoto anaota meno. Sawa, hilo nilitarajia. Nikaifungia kamusi ili kila neno itafute lililo karibu na linaloeleweka. Na hapo ndipo kopo lilipoingia. Kafu (yaani k) ya dhumma, be ya dhumma, halafu waw (yaani w). Kwenye hati za zamani waw ile mara nyingine ni silabi kamili, mara nyingine ni ya kuvuta sauti tu pale neno linapokazwa, kwa hiyo programu ikaiona kama pambo, ikaangalia kamusi, ikakuta kopo, ikafurahi. Kimya chataka kopo, viunoni. Unajifunga kopo kiunoni, unanyamaza.

Nikaongeza kanuni ya mizani, hesabu ya silabi. Hili kila mtu wa mashairi angelifikiria siku ya kwanza, mimi nimelifikiria wiki ya pili, sitaki maneno. Kipande ni mizani nane: ki-mya-cha-ta-ka-ko-po, saba. Haitoshi, kopo toka. Kwa hiyo waw ni silabi, neno lina silabi tatu, na ukipiga hesabu zinabaki namna kumi na mbili za kulisoma: u au o mwanzo, mara b, p, mb, mara uu au oo mwisho. Halafu kina cha kati ni "mkuu", kwa hiyo oo nayo inatoka. Zimebaki sita: kubuu, kupuu, kumbuu, kobuu, kopuu, kombuu. Nilijiona fundi. Sasa chagua moja kati ya sita. Kamusi niliyoipakua haina hata moja! Programu ikarudi kuandika alama ya kuuliza, na ukiiacha bila kizuizi inarudi kwenye kopo.

Lakini hata kumbuu haikuwa mbaya zaidi. Kilichonitoa jasho ni kina cha mwisho.

Tazameni. Wavyele, mtatile, sikidharawile, mbele (mstari wa nne kina hicho kimehamia kati). Kwenye hati mwisho wa yote hayo ni herufi ya lamu, yaani l, yenye kasra, inaweza kuwa le, inaweza kuwa li. Nikajiambia hili jepesi, vina lazima vifanane, nikijua neno moja tu nimejua yote manne. Neno la sanifu hapo ni moja tu, "mbele", yale mengine ni lugha ya kale, kamusi haiyajui. Basi nikaliachia mbele liamue. Na programu ikasoma "mbili".

Kimya kina mambo mbili.

Kwa sababu be ya kasra na lamu ya kasra ni mbele, ni mbili, ni pili, ni bili, ni pele, na programu huchagua neno linalotumika sana, na mbili linatumika kuliko mbele. Halafu kwa kuwa vina lazima vifanane ikageuza ubeti mzima: wavyeli, mtatili, sikidharawili, mbili. Na kila kanuni niliyoiwekea imetii! Mizani nane, sawa. Vina, sawa. Haina kosa hata moja, ila imekosea yote. Nilikaa na jambo hili siku kumi na moja. Nilijaribu kubadilisha uzito wa maneno, mbele ikapita mbili, nikafurahi dakika tano, kwenye ubeti wa saba pahali palipokuwa na "mbili" kweli pakawa "mbele". Ukiziba huku kunavuja kule.

Katikati ya hasira nikahama nikaenda kwenye zana, ndiyo tabia yangu. Nikajaribu Transkribus, ile ya kuifundisha mashine kusoma mwandiko. Ni zana nzuri, sina ugomvi nayo, lakini inataka kwanza uipe kurasa nyingi ulizokwisha kuzisoma mwenyewe, na mimi ndiyo kwanza nahangaika na ubeti mmoja. Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, kwa mwandiko wa mkono usipoteze muda. Kwa fonti ya Kiarabu, Scheherazade New ndiyo yangu, harakati (alama za irabu) zinakaa pahali pake, hazipandi juu ya nukta. Kuhusu kuandika Kiarabu na Kirumi kwenye mstari mmoja sitaki hata kuanza, kursa inakwenda kulia, inarudi kushoto, unafuta herufi moja inafutika ya upande wa pili, nimeamua kila lugha na safu yake kwenye lahajedwali na amani imerudi. Tena kosa langu jingine: picha za mwanzo nilizipakua ndogo ndogo kuokoa bando, nikala wiki mbili nasoma nukta ambazo hazikuwapo, fe na kafu yenye nukta mbili zimekuwa kitu kimoja. Pakueni kubwa. Bando itakwisha, basi.

Sasa Jumamosi nikaenda kwa shangazi, mtaa wa Kibokoni hapa Mombasa. Namkuta uani amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nikamwamkia, akaitika, akaniuliza mbona umekonda. Nikamwambia kuna ubeti unanisumbua. Hakusema chochote, anakuna. Nikaanza kumsomea kutoka kwenye simu, lakini kwa makusudi nikasoma vile programu inavyosoma: "Kimya chataka kopo..."

Hakuniacha nimalize. "Kopo la nini? Kumbuu!" Akaweka kifuu chini, akasimama, akashika leso yake kiunoni akaizungusha akaikaza kwa mikono miwili, mikono yote ina machicha ya nazi. "Hivi. Wanaume walikuwa na kitambaa chao kirefu wakijifunga hivi, wakiwa na shughuli au na vita. Ndiyo kumbuu. Viunoni mtatile, mmejizungushia." Nikamuuliza na mwisho je, kimya kina mambo mbili? Akaniangalia kama niliyemtukana. "Mambo *mbili*? Wewe umesoma shule gani? Ni mambo mawili. Mbili za nini?"

Hapo ndipo taa ilipowaka. Mambo mawili! Ngeli, jamani. Ukiwa na mambo huwezi kuwa na mbili, una mawili, kwa hiyo neno lile haliwezi kuwa mbili, na pili pia haikai pale bila "ya", kwa hiyo ni mbele, kwa hiyo ni le, kwa hiyo ni mtatile na wavyele na sikidharawile. Siku kumi na moja nimehangaika na uzito wa maneno, na jawabu ni kosa ambalo mtoto wa darasa la pili husahihishwa. Nilikula wali wa nazi haraka haraka nikarudi nyumbani.

Kanuni yenyewe ni mistari kumi na nne tu: kabla ya kukubali neno la idadi, angalia nomino iliyotangulia, kama ngeli hazipatani litupe. Kumbuu nikaiingiza kwa mkono kwenye orodha mpya niliyoiita "maneno ya shangazi". Nikaendesha beti zote kumi. Makosa yalikuwa 61, yamekuwa 19. Ubeti wa kimya umetoka wote safi, hata "chataka" imejua kwamba ni ch, kwa sababu chataka inapatana na kimya na shataka haipatani na kitu. Ngeli tena!

Hizo 19 zilizobaki nyingi ni za k na p zenye pumzi, zile ambazo paa la nyumba na paa wa porini kwa mtu wa Mombasa ni sauti mbili mbali mbali lakini hati inaziandika sawa. Taylor alikuwa na sikio kali kwa hili, aliziwekea alama zake kwa Kirumi, na t ya meno akaitenga na t ya ufizi, ndiyo maana maandishi yake yamejaa vijidoti na vikoma mpaka macho yanauma. Zamani nilikuwa naviona ni vikorokoro vya Mzungu. Sasa hivi nimeanza kuvinakili.

Mpango wa wiki hii ulikuwa nianze ukurasa wa kwanza wa hati zenyewe. Sijaanza. Badala yake nimenunua maikrofoni ya kubana kwenye nguo, na Jumamosi narudi Kibokoni na ile orodha ya maneno 19, nimsomee kwa makosa yake yale yale, maana nimegundua ukimuuliza shangazi "neno hili maana yake nini" atakwambia sijui, lakini ukikosea mbele yake hawezi kunyamaza. Amekwisha kunipigia simu leo mchana. Anataka nije na nazi tatu, na simu niiache nyumbani.