Siku Tulipoamua Kumzika Jirani Yetu

Februari 2022 nilikuwa katibu wa jumuiya ndogo ndogo yetu ya Kikatoliki, pembezoni mwa Mwanza, kaya ishirini na mbili. Alhamisi jioni alifariki mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikutana kama kawaida, ila safari hii watoto wa marehemu walikuwa kwenye benchi la nje, wakisubiri neno letu. Katekista alikuwa ameshawaambia kwamba bila utambulisho wa jumuiya hawezi kulifikisha jambo la mazishi kwa paroko. Anayeishi jumuiya anaujua uzito wa neno hilo.

Mwenyekiti alitukumbusha kanuni tulizozipitisha wenyewe: asiyehudhuria miezi sita na asiyetoa tegemeza, yaani mchango wa Kanisa, jumuiya haimsimamii msibani. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Alikuwa amechoka kuona watu wanaikumbuka jumuiya siku ya jeneza. Akanigeukia.

"Mama Katibu, hebu tusomee daftari."

Nikasoma. Mikasi mingi ya kutokuwepo, vema chache za kuhudhuria. Watu wakaguna. Mwenyekiti akataka tunyooshe mikono, wanaokubali na wanaokataa, tumalize.

Sista ndiye aliyeomba tusubiri. Masista wa nyumba ya jirani wanasali nasi kama wanajumuiya, na huyu hukaa mkekani na akina mama, hata akipewa kiti hakitaki. Alisema hatujasoma Injili, tuanzie hapo. Ilikuwa ya Jumapili ya kesho yake, Luka sura ya 6, kibanzi na boriti. Tukafuata hatua saba za kushirikishana Injili kama siku zote: tukasoma, kila mmoja akataja neno lililomgusa, mara tatu, taratibu, kisha tukanyamaza.

Katika kimya kile daftari lilikuwa bado wazi mapajani mwangu. Nikaangalia mstari wa jina lake. Mkasi, mkasi, mkasi, vema. Mkasi, mkasi, mkasi, vema. Nikafunua nyuma, miezi mingine: hivyo hivyo. Nilimsogezea mama niliyekaa naye, ambaye mumewe ni mvuvi. Akaweka kidole kwenye zile vema, akahesabu, akaninong'oneza, "Hizi ni za mbalamwezi."

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hailali ziwani. Siku nyingine zote mitumbwi hutia nanga alfajiri, saa ileile tunayofungua sala, na mwanikaji asipokuwepo kupokea mzigo, siku hiyo watoto hawali. Yule mama alikuja kila Jumamosi aliyoweza. Alama zile niliziandika kwa mkono wangu miaka miwili, na sikuwahi kuzisoma.

Ikafika hatua ya kushirikishana. Tulikubaliana kila mtu aseme, asijibiwe. Nilieleza nilichokiona, sauti ikinitetemeka. Mama mmoja ambaye huwa hasemi kabisa alisema kila Jumamosi alipita mlangoni kwa marehemu, akakuta kufuli, akaendelea na safari, hakuuliza. Mzee wetu, aliyekuwa kijana maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuweka mkazo kwenye jumuiya hizi, alisema, "Sisi tuliambiwa jumuiya ni majirani. Daftari lilikuja baadaye."

Mtu akamwomba sista atuamulie. Akakataa. Alichotupa ni Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1184, inayotaja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani hadharani, wazushi na waliojitenga, waliochagua kuchomwa mwili kwa kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini, na hata hao, ikiwa tu hawakuonyesha dalili ya kutubu kabla ya kufa. Tegemeza haimo. "Mengine amueni," alisema, "na mimi ni mmoja wenu."

Mwenyekiti alisema mwisho. Aliondoa hoja yake, na mikono haikunyooshwa. Wanaume wawili walisema bado hawakubaliani, kwamba kanuni ikivunjwa leo kesho haitashikika. Niliwaandika kwenye muhtasari kama walivyosema. Kisha wakachukua majembe, wakawa wa kwanza makaburini. Naliheshimu hilo mpaka leo.

Jumapili alasiri akina mama wa mwaloni walikuja kuzika na kanga zenye magamba ya dagaa. Ni wao waliotuambia kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akiwaongozea rozari ufukweni, gizani, wakisubiri mitumbwi.

Wiki mbili kabla ya msiba huo tulikuwa tumejaza majibu ya Sinodi, yale mashauriano ambayo Papa Fransisko aliliomba Kanisa zima. Kwenye mada ya kupambanua na kuamua nilikuwa nimeandika, na wote wakakubali, kwamba kwetu maamuzi hufanywa kwa pamoja. Karatasi ilikuwa bado kwangu. Jumatatu jioni nilipita nyumba kwa nyumba nayo, na mwaloni pia, nikiuliza tuandike nini. Sentensi ile tukaifuta. Badala yake tukaandika kwamba tunaamua na waliofika, na wasiofika hatujawahi kuwauliza saa gani wanaweza. Niliipeleka parokiani Jumatano ya Majivu, kabla ya misa ya asubuhi.