Siku Mama Alipompelekea Begi Mke Mwenzake

Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa kelele, nalisema hili kwa mapenzi yote. Akicheka nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, jirani wa nyumba ya tatu alijua. Akimwita mtoto mmoja, waliitika watoto wa mtaa mzima. Wajukuu wake wa kiume aliwaita waume zake, kama mabibi wengi wa Pwani wafanyavyo, ila yeye utani ule aliutia bidii. Mjukuu akipita bila kumwamkia alinuniwa. Sikukuu ikifika alidaiwa nguo, na asipoleta alisemwa kwa wenzake kuwa bahili. Kwa hivyo mwaka 2009, mwana wa dada yangu alipoposa msichana wa Majengo, mama alitangaza kwamba apata mke mwenza, na kwamba begi atalipeleka yeye mwenyewe.

Kwa asiyejua desturi zetu, begi ni sanduku la nguo, viatu, manukato na mapambo ambalo upande wa bwana harusi humpelekea bi harusi. Kulijaza ni kazi. Mama alikuwa amesoma chuo cha Qurani tu. Herufi za Kiarabu alizisoma bila kukwama, hizi za shule zikamchelewesha. Basi tulipokwenda Biashara Street kununua leso, mimi nilisimama kwenye kaunta nikimsomea jina la kila leso kwa sauti. Likiwa na kijembe, "Rudisha." Likiwa na husuda ndani yake, "Rudisha." Mwenye duka alikuwa amerundika leso mpaka kidevuni, jasho lamtoka, na bado mama akataka za rafu ya juu. "Nguo ya kwanza ya mke mwenzangu haitakuwa na matusi," alimwambia. "Ya matusi atajinunulia mwenyewe, tukishazoeana."

Siku yenyewe ndugu yangu alikuja na pikapu ya kukodi. Magoti ya mama yalikuwa yamevimba tangu masika, na kutoka Kibokoni hadi Majengo si karibu kwa mtu wa umri wake. Mama aliitazama ile pikapu, akaingia ndani, akatoka na vugo, pembe ya kupigia nyimbo za harusi.

Pembe ile ya nyati aliirithi kwa mamake. Ilikuwa nyeusi, yang'aa kwa mafuta ya nazi, ila ubavu mmoja ulikuwa umeparara ukawa rangi ya majivu, pale ambapo kijiti kiligonga miaka na miaka. Karibu na mdomo palikuwa na ufa. Mama aliukaza kwa uzi, akaupaka nta. Ilikaa chini ya kitanda chake ndani ya leso kuukuu, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa mpaka tunawe mikono.

"Ma, na hayo magoti?" ndugu yangu aliuliza.

"Magoti ni yangu, harusi ni ya mume wangu. Wewe pakia maji ya kunywa kwenye gari lako, utufuate nyuma."

Tukatoka baada ya alasiri. Wasichana wawili walipokezana begi kichwani, limefunikwa leso mpya, chetezo cha udi kikitangulia. Mama alikuwa mbele, buibui amelikunja kiunoni, pembe mkono wa kushoto na kijiti mkono wa kulia. Alipiga mara tatu polepole, kisha akaingia mwendo, na sisi nyuma tukaitikia. Tulishika Langoni tukaenda hadi Marikiti. Pale wauza bizari walimjua wote, maana kwa miaka mingi alipita karibu kila asubuhi akibishana nao bei ya iliki. Mmoja aliacha meza yake, akatumiminia marashi mikononi. Wanawake waliokuwa na vikapu vyao vya mboga wakajiunga. Sikuwajua, na sidhani kama mama aliwajua.

Barabara ya Digo saa ile haina huruma. Matatu zilipiga honi, tuktuk zikajipenyeza. Mama alishuka barabarani, akainua pembe juu, akasimama. Dereva wa matatu ya mbele akatoa kichwa dirishani, sote tukangoja tusi. Mama akamwimbia yeye! Alimsifu kwa gari lake safi, akamwombea mke mzuri, akamwambia avute subira kidogo kama bwana harusi. Yule kijana alizima injini. Tukavuka sote, na abiria wake wakatupigia makofi.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Mamake alikuwa mtu wa lelemama, ngoma ya wanawake, zama zile ambapo vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana mjini kwa nyimbo, mavazi na karamu, na mama alikuwa kitoto cha kufuata nyuma. Alikuwa akituhadithia kwamba siku ya ngoma njia zilikuwa za wanawake. Siku hizi twakodi ukumbi na spika, twakaa kwenye viti vilivyofungwa utepe, twangojea kuletewa sahani. Si vibaya, lakini mama alikataa kata kata kuwa mgeni katika furaha yake mwenyewe. Naye namuunga mkono hadi leo.

Mwembe Tayari magoti yakagoma. Muuza kahawa alimpisha kwenye benchi lake, akammiminia kahawa tungu. Mama alikunywa kikombe, akaongeza cha pili, kijiti akigonga pembe pale pale alipoketi ili wimbo usikatike. Alipotaka kulipa, yule mzee akakataa. Alikuwa kuli bandarini Kilindini pamoja na baba. Baba alipofariki, mama alianza kukaanga viazi karai kwenye baraza yetu, na wale makuli wakija kula kwa deni mpaka mwisho wa mwezi. Viazi vile, na ukwaju wake, ndivyo vilivyotulipia karo sisi sote. "Nilikula vyako vingi," mzee alisema. "Na deni la mwisho hukulipa," mama akajibu, akamshika mkono, wakacheka mpaka machozi. Kisha akaniegemea bega, akainuka.

Majengo tulifika kundi kubwa kuliko lililoondoka Kibokoni. Mlango wa nyumba ya bi harusi ulikuwa umefungwa makusudi, wenyewe wako ndani wanatusikiliza. Mama akatunga pale pale:

*Hodi hodi nyumba hii, wenyewe fungulieni,*
*Gari hatukulitaka, begi letu li kichwani.*

Ndani wakajibu kwa vigelegele, mlango ukafunguliwa, tukapokewa kwa halua na tambuu. Wengine tuliketi. Mama alitaka kumwona mke mwenzake, na hakuna aliyeweza kumzuia. Nilimfuata chumbani. Msichana alikuwa ameketi kwenye mkeka, singo aliyosuguliwa mwilini yanukia, uso ameinamisha kwa haya. Mama akajishusha kwa taabu mpaka chini, akamgeuza viganja, akavitazama.

"Mume wetu apenda mbaazi za nazi nzito, na anakoroma," alimwambia. "Nimekwisha kukwambia. Usije ukanilaumu."

Msichana akacheka kwa sauti, haya zote zikamtoka. Wakaanza kuzungumza wao wawili hata mimi wakanisahau.

Mama alifariki mwaka 2015, Mungu amrehemu. Miezi yake ya mwisho alikataa wauguzi wa kuajiriwa; aliyelala chumbani kwake ni yule msichana wa Majengo, wakati huo tayari mama wa watoto. Usiku tulikuwa tukiwasikia wakigombania ni nani apendwaye zaidi. Pembe alimpa yeye, si mimi wala dada zangu, na sisi tuliona sawa, kwa kuwa katika sote ndiye mwenye sauti.

Desemba hii mdogo wake bwana harusi yule aoa Kisauni. Ndugu zangu wanaume wamekwisha kuuliza bei ya basi, kwa sababu Daraja la Nyali ni refu, lina magari mengi, na upepo wake wachukua mabuibui. Mke mwenza amewasikiliza wote mpaka mwisho. Kisha ameuliza kama basi hilo litaweza kutufuata nyuma na maji ya kunywa.