Nilivyoipanga ratiba ya boti isomeke kwenye simu

Taarifa yenyewe ilihusu safari za Unguja na Pemba: saa, nauli, mizigo, vitambulisho. Niliipokea kama PDF ya kurasa 4 iliyoandikwa kiofisi. Salamu, maelezo ya huduma, masharti, na mwisho kabisa jedwali la safu 7. Ukutani ingesomeka vizuri. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, kila safu inapata pikseli 51 tu. Maneno yanakatika, na msomaji anavuta kushoto na kulia mpaka inampotea siku aliyokuwa akiitazama.

Nilianza na maswali ya wasafiri: boti inaondoka saa ngapi, nauli kiasi gani, mtoto analipa nini, mzigo gani unaruhusiwa. Kila swali nikalipa kichwa chake kinachoanza na neno linalotafutwa: "Nauli ya mtoto", si "Maelezo muhimu kuhusu nauli ya mtoto". Jakob Nielsen, mtafiti aliyefuatilia macho ya wasomaji wa tovuti, alieleza mwaka 2006 kuwa mistari ya juu husomwa kwa upana, kisha jicho hushuka ubavu wa kushoto likionja maneno ya mwanzo tu. Chini ya kichwa nikaweka jibu, halafu sharti. Vichwa nilivitengeneza kwa mtindo wa kichwa uliomo kwenye programu ya kuandikia. Ukikoleza wino tu, asiyeona anayetumia kisoma skrini (programu inayosoma maandishi kwa sauti) hawezi kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine.

Jedwali nililivunja. Kila safari ikawa na mistari yake mitatu: siku, kuondoka Malindi (bandari ya Unguja), kufika Mkoani (bandari ya Pemba).

Penye hatari khasa ni saa. Tiketi inaandika 07:00, watu wanasema saa moja asubuhi, na anayesoma 07:00 kama saa saba atafika bandarini mchana, boti imeshafika Pemba. Nikaandika zote mbili kila mahali, kwa mpangilio usiobadilika: "saa 1:00 asubuhi (07:00)". Sehemu ya siku haiachwi hata pale inapoonekana wazi. Meli za usiku zina mtego mwengine: "usiku wa Ijumaa" kwa wengi wetu ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alkhamisi jua likishazama, na kwa wengine ni Ijumaa yenyewe usiku. Nikaandika "Ijumaa usiku, kuamkia Jumamosi", na tarehe pembeni.

Taarifa hizi husambazwa WhatsApp, na kule huishi muda mrefu kuliko ratiba yenyewe. Kwa hiyo "kesho" na "wiki ijayo" nilizifuta zote, nikaweka tarehe yenye mwaka, na juu kabisa siku taarifa ilipohaririwa. Ujumbe mrefu WhatsApp huukata na kuweka "Soma zaidi", basi saa na tarehe lazima zikae kabla ya mkato.

Bango la picha nililikataa, ingawa lilikuwa zuri. Maandishi yaliyomo ndani ya picha mara nyingi hayatafutiki, ukiyakuza yanafifia, na kisoma skrini mara nyingi hakiyaoni. Rangi nayo: kijivu hafifu juu ya nyeupe hupotea kwenye jua la gatini. WCAG, miongozo ya kimataifa ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi na mandharinyuma iwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Mimi nilitumia nyeusi na nyeupe, yakaisha. Herufi pikseli 16, aya sentensi mbili au tatu.

Kabla ya kuitoa, nilimpa simu mama mmoja wa makamo na kumuuliza: "Mama, ukiwa na mtoto wa miaka mitano utalipa nini?" Hapo hutakiwi kumsaidia. Tazama kidole: kikipita jibu na kurudi juu, kichwa ndicho kibovu.

Masharti kamili ya mizigo hayafupiki, kwa hiyo yana ukurasa wao, na kiungo kinaitwa "Masharti kamili ya mizigo". Viungo vikiitwa "bonyeza hapa", anayevisikiliza kwa kisoma skrini husikia "bonyeza hapa, bonyeza hapa", asijue kipi kinampeleka wapi.