Nilianzia koleji, nikamalizia Davis

Mama aliponiuliza kwa simu nasoma chuo gani, nilimtajia komyuniti koleji, yaani chuo cha umma ambako unasoma miaka miwili ya mwanzo kisha unahamia yunivasiti. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo kama VETA, mwanangu?" Sikumlaumu. Kwetu Tanga ukisema mtu ameenda Marekani kusoma, watu wanangoja kusikia yunivasiti. Nikamwambia, "Hapana mama, ni yunivasiti ileile, ila naingilia mlango wa uani."

Nilikuja California kwa bahati nasibu ya viza. Wengi wakishuka tu wanakimbilia kujisajili chuoni. Mimi kuna dada wa Kikenya kazini aliyenizuia, na namshukuru mpaka leo. Ukiwa na makaratasi ya makazi ya kudumu, ukaishi jimboni mwaka na siku moja, na ukawa na vya kuonyesha kwamba umehamia kweli, komyuniti koleji inakuhesabu mkazi. Mkazi analipa dola 46 kwa uniti, yaani kipimo cha uzito wa somo. Asiye mkazi analipa mara kadhaa ya hapo. Kuhamia University of California (UC), ambayo Davis ni kampasi yake mojawapo, ukaingia mwaka wa tatu unatakiwa uwe na uniti 60. Piga hesabu: hazifiki dola 3,000, ukiacha vitabu. Ada ya mwaka mmoja tu kule ni zaidi ya dola 13,000. Mimi nilikuwa natunza wazee usiku, kwa hiyo hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu.

Nilipoteza muhula mmoja, na hilo bado linaniuma. Nilimwambia kaunsela nataka kusoma uchumi, akaniandikia hesabu za biashara. Nikamuuliza kama somo hilo linahamishika, yaani litahesabiwa yunivasiti, akasema ndiyo. Kweli linahamishika, lakini kwenda vyuo vya California State University (CSU), siyo UC. Mimi nilikuwa sijui kwamba hiyo ni mifumo miwili tofauti, naye hakuniuliza nataka kwenda wapi. Nilipata A ambayo Davis hawakuwa na haja nayo.

Baada ya hapo nikajifunza mwenyewe kusoma assist.org, tovuti ya kulinganisha masomo ya koleji na ya yunivasiti. Mzee niliyekuwa namtunza aliamka kila saa nane usiku kuomba maji, na akilala tena mimi hubaki macho na simu yangu. Unachagua koleji yako, unachagua yunivasiti na fani, zinatokea safu mbili. Kushoto ni masomo wanayoyataka wao, kulia ni ya kwenu yanayolingana nayo. Pengine kulia wameandika kwamba hakuna somo linalolingana. Anza kushoto, ndugu yangu. Mimi nilikuwa naanza kulia, nachukua lililopo, halafu naomba Mungu likubalike.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia mapema ni TAG, mkataba wa kuhakikishiwa nafasi ukitimiza masharti. Kampasi 6 za UC zinao, Davis ikiwemo. Berkeley na UCLA hazimo. Maombi yake ni Septemba peke yake, kabla ya maombi ya kawaida. Nilipoomba mimi Davis walitaka GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.2. Usiku niliotuma fomu ile ndio nililala bila wasiwasi kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii.

Davis yenyewe ilinishtua kwa mwendo. Koleji muhula ulikuwa wa miezi minne, kule ni wiki 10 za masomo, na wiki ya nne tayari uko kwenye mtihani. Na ile GPA niliyoipigania haikuhama nami. Nilianza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini cheti kimeandikwa Davis tu, na picha yake mama ameitundika sebuleni.

Binamu yangu amefika Sacramento mwezi wa tatu, anataka uhandisi. Mwaka wake bado haujatimia, kwa hiyo hajajisajili popote. Kila Jumapili tunakaa mezani na zile safu mbili. Karibu masomo yote tumeyapata. Limebaki moja la fizikia ambalo koleji ya karibu na kwake haina, na sasa tunatafuta basi la kumfikisha koleji ya pili.