Njiti, kachupa ka dawa ya chango na bakteria wa tumboni

Mdogo wangu kajifungua njiti, gramu 1,300, na mnatujua watu wa Temeke, mtoto hajatoka hata wodini shangazi keshafika na kachupa ka dawa ya chango. Simlaumu, katulea wote kwa hizo hizo dawa na tunadunda, ila sisi tulizaliwa tumetimiza miezi yetu jamani. Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, utumbo wake haujakomaa, ukuta wake ni laini unapitisha vitu kirahisi na kinga yenyewe bado changa.

Sasa kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba afya ya huyu mtoto inategemea sana ni bakteria gani wametangulia kukaa tumboni. Mtoto aliyetimia anawapata kwa mama, wakati wa kuzaliwa, kwenye ngozi, kwenye ziwa. Njiti mara nyingi katoka kwa oparesheni, kachomwa antibayotiki mapema, yuko kwenye inkubeta na mpira wa kulishia puani, mama mwenyewe wodi nyingine, kwa hiyo wanaomuwahi ni bakteria wa mazingira ya hospitali kama klebsiela. Hali hiyo ikiungana na ule utumbo mchanga ndio kuna hatari ya ugonjwa ambao sehemu ya utumbo inavimba na kufa kabisa, na unawapata zaidi walio chini ya kilo 1.5. Tumbo likijaa na kuwa gumu, akitapika kijani au choo kikiwa na damu, usisubiri asubuhi, mkimbize hospitali.

Halafu kuna hii iliyonimaliza kabisa. Kwenye maziwa ya mama kuna sukari za aina zaidi ya 100 ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya, hata kidogo, na ziko nyingi, ukitoa laktosi (sukari kuu ya maziwa) na mafuta, zinazofuata ni hizo. Nikajiuliza mama anahangaika kutengeneza kitu mwanae hakitumii kwa nini? Kumbe wanaozila ni bifidobakteria, bakteria wazuri wa tumboni, ni kama mama ntilie anayepika sufuria ya pili kwa ajili ya walinzi wa mtaa, wakishiba wanatoa asidi tumboni na wale wakorofi wanakosa raha. Na bakteria hawa sio habari mpya, Mfaransa Henry Tissier aliwaona kwenye choo cha watoto wanaonyonya tangu mwaka 1899 huko Paris.

Najua kuna mtu ataniambia si kuna probayotiki, yaani bakteria wazuri wa kumpa mtoto, za unga zinauzwa Insta, tumnunulie? Hapana. Utafiti wa Australia na New Zealand wa 2013 ulionyesha ule ugonjwa wa utumbo unapungua, sawa, lakini wa Uingereza wa 2016 uliotumia bakteria wa aina nyingine haukuona faida yoyote, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti kufariki kwa maambukizi ya bakteria yule yule aliyekuwa kwenye probayotiki aliyopewa. Shirika la Afya Duniani linasema zinaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 wanaopata maziwa ya binadamu, lakini huo ni uamuzi wa daktari, sio wa dada muuza unga.

Kangaroo je? Hiyo mpeni mama nafasi aifanye, ngozi kwa ngozi, maana mtoto anapata joto na bakteria wa mama yake kwa pamoja. Utafiti wa nchi tano, Muhimbili yetu ikiwemo, ulitoka 2021 ukaonyesha kuanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza, kunapunguza vifo kwa robo, hao walikuwa watoto wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8.

Kwa hiyo ndugu mnaokuja kuona mtoto, chango acheni nyumbani, maji ya uvuguvugu pia, na maziwa ya kopo msinunue mpaka daktari aseme. Huyu mama anakamua kila baada ya masaa mawili matatu, usiku na mchana, hata hizo tone tone za dang'a zinahesabika, na wakati huo hajala na ana mwingine mdogo nyumbani. Leteni supu na nauli, na mmoja wenu akalale na yule mdogo.